Wamekopi, Wamekopi! Haya, na Aliyechora?

Mxiuuu! Niacheni nisonye kwanza, salamu zitafuata.

Kuna ugonjwa umeingia vijiweni na famasi hauna dawa. Ukitaja chochote, wimbo mpya, mshono wa gauni, hata mahubiri, neno la kwanza utakalojibiwa ni "wamekopi hao." Mtu hajasikia, hajaona, hajaonja, ila hukumu kashaisoma na kahawa yake bado inafuka mvuke. Safari hii ugonjwa umeikumba picha ya katuni ya Kiitaliano ya mwaka 1976, Allegro non troppo, kazi ya bwana mmoja wa Milan anayeitwa Bruno Bozzetto. Fundi simu ndiye aliyeibuka nayo, kaisimamisha simu kwenye kopo la kashata, tukasogeza vichwa. Dereva bodaboda katupa jicho, kaona kizee chenye kwato za mbuzi kinakimbiza mabinti msituni huku fidla na zumari zinalia, akasema, "Hii si ile Fantasia ya Disney? Wamekopi." Huyo, kageuza uso barabarani kutafuta abiria.

Sasa sikilizeni kinachoniudhi. Hilo la kukopi picha yenyewe imeshalisema kabla bodaboda hajafungua mdomo. Inaanza, anatokea mtangazaji kavaa suti, uso unang'aa kwa majigambo, anatangaza kwamba leo mtaona kitu ambacho dunia haijawahi kukiona: muziki mkubwa wa orkestra umechorewa katuni. Jambo jipya! La kwanza chini ya jua! Mara simu inalia, inatoka Marekani. Anaambiwa kwamba huko kuna mtu, Prisney au Grisney, jina lenyewe halikamatiki vizuri, kitu hichohicho kakifanya zamani. Mtangazaji anaona hao wanamsumbua tu, anaendelea na majigambo yake bila haya. Yaani kesi ya kukopi kaifungua mshitakiwa mwenyewe, kaisoma mwenyewe, kaicheka mwenyewe, na faili kalifunga dakika za mwanzo. Wewe unayekuja miaka kama hamsini baadaye na shitaka lilelile, mahakama imeshafungwa, hakimu kaenda kula.

Haya, tuwape Wamarekani haki yao. Fantasia ilitoka Novemba 1940 pale New York. Walt Disney alikaa na mwongoza orkestra maarufu, Leopold Stokowski, wakachagua muziki wa kina Bach, Tchaikovsky, Beethoven na Stravinsky, wakauvisha michoro, vipande vinane. Ndimo alimo yule Mickey Mouse mwenye kofia ya mchawi na mafagio yanayobeba ndoo za maji mpaka nyumba inafurika. Walitengeneza hadi mfumo wa pekee wa spika, ukumbi mzima unazungukwa na sauti, na gharama yake ilikuwa ya kutisha, majumba machache tu ndiyo yaliyoweza kufungiwa. Soko la Ulaya nalo lilikuwa limefungwa na vita. Picha ikatoka na sifa zake, pesa isirudi. Leo ukiisema vibaya watu wanakuangalia kama umemtukana mama mkwe.

Mwalimu mstaafu, ambaye akishika kikombe anashika na darasa, akatuongezea. Kwamba picha za vipande vipande, hadithi hii fupi imeunganishwa na ile fupi, mara nyingi ni mtoto wa shida. Baada ya Fantasia, Disney huyohuyo alitoa picha sita za namna hiyo kati ya 1942 na 1949, kuanzia Saludos Amigos hadi ile ya Ichabod na Bwana Chura. Vita ilichukua vijana, serikali ilitaka filamu za mafunzo ya jeshi, na benki zilikuwa zimekaza mkono. Hadithi moja ndefu inataka mtaji mrefu; vipande unaweza kuvimaliza kimoja kimoja kadiri pumzi inavyoruhusu. "Sanaa haichagui nyumba ya kuzaliwa," akasema mwalimu. Bodaboda akaguna. Kwake yeye, picha isiyo na steringi mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho ni utapeli.

Mxiuu. Steringi yupo, mwanangu, subiri. Ila hamkumwona, kwa sababu yuko kwenye mnyororo. Nitamfikia.

Tuanze na Bozzetto mwenyewe. Huyu bwana kazaliwa Milan mwaka 1938. Mwaka 1958, ana miaka 20 tu, katoa katuni fupi kuhusu historia ya silaha, jinsi binadamu alivyotoka kwenye jiwe akafika kwenye bomu. Baadaye kambuni Signor Rossi, kijibwana kifupi cha kawaida chenye kiherehere na bahati mbaya, ambaye Waitaliano wanamjua vizuri sana. Mwaka 1965 katoa West and Soda, katuni ndefu ya makauboi, wakati Italia ilikuwa imekaa zaidi ya miaka kumi na tano bila katuni ndefu ya kwake. Lakini mkate wa kila siku haukutoka huko. Ulitoka kwenye matangazo. Italia ilikuwa na kipindi cha televisheni kila jioni, Carosello, kuanzia 1957 hadi 1977. Sharti lake lilikuwa la ajabu: mtangaza bidhaa lazima awape watu kisa kizima kwanza, na bidhaa itajwe mwishoni tu. Wachoraji wengi walilelewa na kipindi hicho. Walijifunza kusema jambo zima kwa dakika mbili, halafu wanauza sabuni.

Ndiyo maana vipande vya Allegro non troppo havina porojo. Kila kimoja kina wazo moja, linazungushwa, linapigwa, limekwisha. Tena katika katuni zenyewe hakuna mtu anayezungumza. Kwa wale tuliokulia kwenye kibanda umiza, tumezoea picha ya Kichina au ya Kihindi kupitia mdomo wa mtafsiri anayetia chumvi mpaka adui anaongea Kiswahili cha Manzese. Hapa mtafsiri hana kazi, arudi nyumbani akalale. Muziki ndio unaosema, na mchoro unajibu.

Mchukue yule kizee mwenye kwato ambaye bodaboda alimkimbia. Muziki wa Debussy. Mzee ujana umemtoka, mabinti wamejaa, na yeye hakubali. Anajipodoa, anajibana tumbo, anajifanya kijana, na kila akimsogelea binti anaumbuka upya. Anazidi kuwa mdogo, mdogo, anatembea peke yake kwenye vilima laini, kamera inarudi nyuma, kumbe vile vilima ni mwili wa mwanamke kalala. Anatembea juu ya kile anachokitamani na hana hata habari. Hapo wazee wa kijiwe walikohoa wote kwa pamoja, kila mmoja na sababu zake.

Kipande cha Dvořák ndicho ningemfungia bodaboda kwa gundi akiangalie. Watu wanaishi mapangoni. Mmoja anachoka, anatoka, anajijengea kibanda chake. Kulala na kuamka, wote wamejenga vibanda vilevile. Anajenga nyumba nzuri zaidi, wote hao. Anabadilisha nguo, wote wamebadilisha. Hana tena kitu chake duniani. Hasira zinampanda, anapanga ukatili: awaongoze hadi ukingoni mwa genge, wajirushe. Anafika pale na kundi lake nyuma. Unajua walimfanyia nini? Walimgeuzia matako, wote, kwa safu moja.

Hapo sasa! Wazee wetu walisema ukimuiga tembo kunya utapasuka msamba, na siku zote tumelichukua kama onyo kwa anayeiga. Bozzetto kaligeuza. Kampima na yule tembo. Yule bwana wa kwanza si malaika, alipochoka kuigwa alitaka kuua kijiji kizima. Na waigaji si wajinga kiasi hicho, walijua mahali pa kusimama. Mtu anayechora kisa hiki ndani ya picha inayoitwa kopi ya Disney, wewe unadhani hajui anachokifanya?

Nendeni kwenye Boléro ya Ravel. Hapa nitakaa kidogo, kwa hiyo agizeni kahawa nyingine. Muziki huo wa mwaka 1928 una ngoma ndogo inayopiga mdundo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, haugeuki hata chembe. Kinachoongezeka ni vyombo na ukubwa wa sauti. Mwingine angeona balaa: utachora nini juu ya kitu kisichobadilika? Bozzetto kaona msafara. Chombo cha anga kinaondoka kwenye sayari tupu, kimeacha nyuma takataka, chupa ya soda. Ndani mna tone la uchafu mweusi limebaki. Lile tone linachemka, linatikisika, linatambaa nje. Linaota jicho, linaota miguu, linakuwa mdudu, linakuwa dubwana, na yote yanaanza kutembea kwa mdundo wa ngoma, kuelekea mbele, hayajui wapi. Yanakulana njiani na safari haisimami. Kisha anatokea sokwe mmoja, kashika rungu, na tangu hapo mambo yanaharibika. Yanapita mapiramidi, inapita misalaba, yanapita majeshi, na mwisho majumba marefu yanapasua ardhi katikati ya msafara. Sanamu kubwa la binadamu limesimama kwa fahari. Linapasuka. Ndani yake kakaa nani? Sokwe yuleyule.

Ndani ya Fantasia mna kipande kinachofanana na hiki: muziki wa Stravinsky, dunia inaanza, viumbe vinatoka majini, dinosaria wanatawala na kufa. Kipande kile kina heshima ya darasani, kinakuonyesha maumbile yalivyokuwa makuu. Cha Bozzetto kinakuonyesha uhai wote umetokana na soda iliyotupwa na watalii. Wamekopi? Sawa, wamekopi. Mtu kakopi mtihani, kafuta majibu yote, kaandika yake, na swali lenyewe kalisahihisha.

Nyuki nitawapitisha haraka. Muziki wa Vivaldi, nyuki kajiandalia chakula kwenye ua kwa adabu zote za hoteli kubwa, wapenzi wawili wanakuja kugaragara kwenye nyasi zilezile. Mnajua wenyewe nyuki anamaliza ugomvi kwa silaha gani. Na nyoka je? Muziki ni wa Stravinsky, ule wa ndege wa moto. Adamu na Hawa wamelikataa tunda, nyoka kalimeza mwenyewe, na balaa lote tuliloandaliwa sisi linamwangukia yeye: televisheni, magari, pesa, pombe, matangazo juu ya matangazo. Anarudi kajichokea, ana suti na kofia, analitapika lile tunda zima. Mtu aliyeishi kwa kuchora matangazo ndiye kachora hivyo. Alikuwa anaijua jehanamu anayoichora, alikuwa analipwa nayo.

Lakini paka, jamani. Paka!

Dada wa maandazi, ambaye alikuwa ametugeuzia mgongo anakaanga, aligeuka hapa na hakurudi kwenye karai mpaka andazi likaungua. Muziki ni Valse triste ya Sibelius. Nyumba kubwa imebomoka, hakuna paa, madirisha yameng'olewa. Paka mwenye macho makubwa kuliko kichwa anazungukazunguka. Kila akifika pembe moja, anaona ilivyokuwa: mtu kwenye kiti, mkono unambembeleza, chungu jikoni, pazia linapepea. Anasogea kwa furaha, na picha inafutika, amebaki na ukuta. Anasogea kwingine, inafutika. Mwishoni naye anafutika. Kisha linakuja bomoabomoa, ukuta unashuka. Basi. Watu wa Kariakoo tumeona nyumba za uwani zikishuka kila mwaka kupisha maghorofa, hatuhitaji kufafanuliwa. Katika picha ya vichekesho, katikati ya matako na nyuki, mtu kakuwekea kitu kama hicho bila kukuonya.

Na hapa mwalimu mstaafu akatoboa jambo ambalo limenikaa. Sibelius aliuandika muziki ule mwaka 1903 kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa shemeji yake. Ukapendwa ulimwengu mzima, ukapigwa mahotelini, mabarazani, kila kona. Yeye alikuwa ameshauuza kwa bei ya kutupa. Muziki ukazunguka dunia, wengine wakahesabu, mwenyewe akabaki na sifa. Dada wa maandazi akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo huyo mzee wa watu hakula?" Hakula, dada. Alichokula hakikulingana na jasho.

Sasa tumefika kwa steringi.

Kati ya katuni na katuni kuna vituko vya watu halisi, vimepigwa kwa nyeusi na nyeupe. Wengi wanaviruka, wanasema ni upuuzi unaochelewesha michoro. Hata watu wa sinema wamevinung'unikia. Mimi nasema hao ndio walioikosa picha. Tazama kinachofanyika. Orkestra ni vikongwe, akina bibi, wamekusanywa na kupakiwa kwenye lori kama mifugo. Mwongoza orkestra ni jitu nene, sigara mdomoni, linafoka, linapiga, linakula peke yake. Mtangazaji ni yule wa majigambo. Na mchoraji? Mchoraji, anayeigizwa na Maurizio Nichetti mwenye masharubu yake, anatolewa shimoni. Shimoni, wanangu! Kafungwa mnyororo ukutani. Wanamfungua, wanamweka kwenye meza yake jukwaani, wanamwambia chora. Muziki unapigwa, anachora. Akichelewa anapigwa. Watu wanapiga makofi, na makofi yanapokelewa na mtangazaji.

Rangi zote unazoziona kwenye picha ile zinatoka kwenye mkono wa mtu huyo mmoja anayeishi kwenye sehemu isiyo na rangi. Ukiruka vituko vya nyeusi na nyeupe, umemruka yeye. Umekula pilau na kumfungia mpishi jikoni.

Na msidhani mnyororo ule ni chumvi ya Waitaliano. Katuni inataka fremu 24 kwa kila sekunde. Dakika moja ni fremu 1,440. Hata ukichora mchoro mmoja kwa fremu mbili, bado ni michoro 720 kwa dakika ambayo wewe unaimaliza ukiwa unatafuta chaji. Mtu anachora jicho la paka likifumba, mchoro baada ya mchoro, mgongo unauma, na ukiangalia unasema, "aah, katuni za watoto."

Fantasia yenyewe ina kisa chake hapa. Kuna uyoga unaocheza, vile viuyoga vidogo vyenye kofia za Kichina, na kale kadogo ambako kila mara kanakosa hatua. Wengi wanaikumbuka picha nzima kwa uyoga ule. Aliyeuchezesha anaitwa Art Babbitt, mmoja wa mafundi wakubwa na wenye mishahara minono pale kwa Disney. Lakini mishahara ya wasaidizi ilikuwa midogo, vigezo vya malipo havikueleweka, na majina ya wengi hayakuwekwa kwenye picha walizozitolea jasho. Babbitt akaingia kwenye chama cha wafanyakazi. Mei 1941, miezi kama sita tu baada ya Fantasia, kafukuzwa kazi, na mamia ya wachoraji wakaweka kalamu chini, wakasimama getini na mabango. Disney alilichukulia jambo lile kama usaliti, na kinyongo chake hakikumtoka.

Kwa hiyo tunaposema hii kakopi ile, na ile ndiyo ya kwanza, tunagombania majina ya nani hasa? Ya mtangazaji na ya jitu la sigara. Prisney au Grisney. Katika pande zote mbili za bahari, aliyechora yuko shimoni, na sisi tuko juu tunabishana ni shimo la nani lilichimbwa mwanzo. Hilo ndilo linalonifanya nisonye. Swali la nani kaanza ni rahisi, linajibiwa na tarehe. Swali la nani kachora na kala nini linataka ukae chini uangalie mpaka mwisho.

Bodaboda, ambaye abiria hakutokea na sikio lake lilikuwa kwetu muda wote, akajitetea. Akasema kukopi ni kukopi, Bongo kila mtu anakopi, ndiyo maana hatuendelei. Mwalimu akamrudisha Msasani. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam, alianza miaka ya 1960 mwishoni kuchora ndege na wanyama kwa rangi ya kung'aa juu ya vipande vya hadibodi. Akafa mwaka 1972, alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu. Miaka ile michache ndiyo aliyoipata. Ndugu na vijana aliowafundisha wakaendelea, wakaigana, wakafundishana, twiga huyu kafanana na yule, mpaka mchoro ukawa jina la mji. Ingekuwa ni kwa sheria ya bodaboda, sanaa ile ingezikwa na mwenyewe mwaka uleule. Kisha ikaja katuni ya televisheni ya Tinga Tinga Tales, ilichorwa Nairobi, ikaonyeshwa Uingereza kuanzia 2010, mtindo wa Msasani ukaingia sebuleni kwa Wazungu. Ukitaka kugomba, usigombe kwamba waliigana. Gomba kuhusu kilichorudi kwa wenye brashi.

Dada wa maandazi akapigilia msumari. Akamuuliza fundi simu, "Na hii picha kwenye simu yako uliinunua wapi, shemeji?" Fundi simu akaanza kupangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Alirushiwa. Na aliyemrushia alirushiwa. Faili lenyewe limekatwa mwisho ili lisijaze simu, ile sehemu majina yanapopanda haimo. Cheko tulilocheka lilimwamsha mlinzi wa duka la jirani. Baraza zima la mahakimu wa kukopi limetoa hukumu juu ya kopi ya kopi, na majina ya wachoraji ndiyo yaliyokatwa kwanza kupunguza uzito!

Mwisho wa mchoraji wetu wa Milan, kwa wenye kutaka kujua: anapendana na binti msafishaji wa ukumbi, mtu mwingine ambaye hakuna aliyekuwa anamwona. Wanageuka katuni, wanapaa zao, wanamwacha mtangazaji na jitu lake watafute wa kumfunga mwingine. Nichetti mwenyewe baadaye kawa mwongozaji wa filamu, na mwaka 1991 katoa Volere volare, kisa cha mtu anayegeuka katuni, akiwa na Guido Manuli aliyeshiriki pia kuandika hii ya 1976. Bozzetto kaendelea na vifupi vyake. Kimoja, Mister Tao, kilipata Dubu wa Dhahabu kule Berlin mwaka 1990, na Cavallette kikateuliwa kwenye Oscar mwaka uliofuata. Kwa hiyo mkopi wenu alikuwa mtu wa maana. Naona mmenyamaza.

Na sasa mambo yamefika nyumbani. Julai 2023 ilitoka Kizazi Moto, jina la Kiswahili kabisa, katuni fupi kumi za Waafrika, zimeunganishwa chini ya paa moja kama ilivyokuwa kwa Bozzetto. Studio iliyosimamia ni Triggerfish ya Afrika Kusini, na mwenye duka linalozionyesha ni Disney. Ndiyo, Prisney. Niliuliza kijiwe: mwenye duka ni nani? Mikono yote juu. Nikauliza: waliochora na kuongoza ni kina nani? Kila mtu kaanza kutafuta kijiko kwenye kikombe. Nawapa wawili wa bure, majirani zetu. Enkai ni ya Ng'endo Mukii wa Kenya. Herderboy, yenye wachungaji wa Uganda ya siku zijazo, ni ya Raymond Malinga wa Uganda.

Zimebaki katuni nane. Kesho saa kumi jioni, atakayekuja na majina ya walioongoza tano kati ya hizo, kahawa na kashata juu yangu. Atakayekuja na neno "wamekopi" analipia baraza zima, na bodaboda aje na chenji.